Mtindi ni Neema, Lakini Haukai Mahali pa Vidonge vya Damu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.T.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake wote.

Wiki chache zilizopita tulisomesha darsa kuhusu vyakula alivyovipenda Mtume (S.A.W.). Tulipofika kwenye maziwa tuliitaja hadithi waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.), ambayo maana yake ni kuwa hakuna kitu kinachotosheleza kwa chakula na kwa kinywaji kwa pamoja isipokuwa maziwa. Kipande hicho cha darsa kikakatwa na kurushwa katika makundi ya WhatsApp. Kikamfikia mama mmoja mwenye mimba ya miezi saba, ambaye kliniki walikuwa wamempa vidonge vya kuongeza damu na vidonge hivyo vikimtia kichefuchefu. Akaviacha. Akawa anakunywa mtindi asubuhi na jioni, akiamini kuwa anafuata Sunna.

Mumewe alitujia baada ya sala ya Isha akiwa na kadi ya kliniki mkononi. Damu ya mkewe ilikuwa 8, na mjamzito akiwa chini ya 11 huhesabiwa kuwa ana upungufu. Akatuuliza kwa adabu kubwa: "Sheikh, tumekosea wapi? Sisi tumefuata maneno yenu."

Tulimwambia kuwa wa mwanzo kukosea ni sisi, kwa sababu tuliitaja hadithi tukaacha kueleza mipaka yake. Kisha tukamtaka ampeleke mkewe kliniki asubuhi ya pili bila ya kuchelewa. Makala hii ni deni tunalolilipa kwa mume yule na kwa kila aliyekisikia kile kipande. Ndani yake tutajibu pia maswali matatu yaliyotufikia baadaye: je, mtindi si kileo kwa kuwa umechachuka? Je, utafiti wa kitaalamu unasema nini kuhusu faida zake? Na je, vidonge na vyakula vyenye jelatini ni halali?

Hukumu ya maziwa yaliyochachuka

Katika Surat An-Nahl, aya ya 66, Allah (S.W.T.) anatuzindua kuwa katika wanyama wa mifugo tuna mazingatio, kwani anatunywesha kilichotoka baina ya kinyesi na damu, nacho ni maziwa safi yenye kuwashukia vizuri wanywaji. Asili ya maziwa basi ni uhalali, na hilo halina mzozo.

Wako waliotuuliza: kama pombe imeharamishwa kwa sababu ya kuchachuka, mtindi umesalimika vipi? Jawabu ni kuwa sheria haikuharamisha uchachu, imeharamisha ulevi. Mtume (S.A.W.) ameharamisha kila chenye kulevya, na akabainisha kuwa kile ambacho kingi chake kinalevya, basi hata kidogo chake ni haramu. Kipimo ni hicho. Imepokewa na Muslim kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akirowekewa zabibu, akinywa maji yake siku ile, ya pili na ya tatu, kisha yaliyobaki hunyweshwa mwengine au humwagwa. Alikinywa kinywaji kabla hakijafika mpaka wa kulevya, na akakiacha pale inapokhofiwa kuufikia.

Sasa tuutazame mtindi. Maziwa yana sukari yake ya asili iitwayo laktosi. Vijidudu vya mtindi huila sukari hiyo na kuigeuza kuwa asidi ya laktiki, na asidi hiyo ndiyo inayoleta uchachu na kuyagandisha maziwa. Kazi yao ni kutengeneza asidi, si kutengeneza pombe. Mtu anaweza kunywa mtindi mpaka tumbo likajaa na asilewe. Kwa hiyo mtindi, maziwa ya mgando na labani ya Waarabu ni halali bila ya shaka.

Zaidi ya hayo, chakula cha jamii hii kilikuwepo Madina. Abu Said Al-Khudri (R.A.) ameeleza, katika hadithi iliyomo kwa Bukhari na Muslim, kuwa zama za Mtume (S.A.W.) walikuwa wakitoa Zakatul Fitri pishi ya chakula, shayiri, tende, zabibu au aqit. Aqit ni maziwa yaliyochachuka, yakakaushwa mpaka yakawa magumu. Kitu kinachofaa kutolewa Zaka hakiwezi kuwa najisi.

Inabaki hadhari kwa vinywaji viwili vya kigeni. Kefiri hutengenezwa kwa vijidudu pamoja na hamira, nayo hutoa pombe kidogo sana. Ikitengenezwa kwa njia ya kawaida hailevyi hata ikinywewa nyingi, lakini haifai kuiacha siku nyingi mpaka ikabadilika. Kumisi, ambayo watu wa Asia ya Kati huitengeneza kwa maziwa ya farasi, pombe yake huweza kufika asilimia 2 au kuzidi. Ile inayomlevya mnywaji wake ikiwa nyingi, basi kidogo chake nacho ni haramu, hata kama asili yake ni maziwa.

Utafiti unasema nini

Mwaka 1905 Stamen Grigorov, kijana wa Kibulgaria aliyekuwa akisoma Geneva, alikitambua kijidudu kinachogandisha mtindi wa kwao. Baada yake Élie Metchnikoff wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1908 kwa kazi yake juu ya kinga ya mwili, alieneza fikra kuwa mtindi unarefusha umri. Wajapani nao hawakubaki nyuma: Minoru Shirota alianza kuuza kinywaji cha Yakult mwaka 1935, na mwaka 1991 serikali ya Japani ikaweka utaratibu wa kuvisajili vyakula vinavyodaiwa kuwa na faida ya kiafya zaidi ya kushibisha. Huko ndiko ilikokua fikra ya kile kinachoitwa chakula tendaji, yaani chakula ambacho mtu hukila kwa kutarajia manufaa maalumu mwilini.

Mwaka 2001 wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo na Shirika la Afya Duniani walitoa maelezo ya neno probiotiki: ni vijidudu hai ambavyo vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha humletea mtumiaji faida ya kiafya. Ndani ya maelezo hayo mna sharti tatu: viwe hai, viwe vya kutosha, na faida iwe imethibiti. Mtindi uliotiwa moto baada ya kuganda ili ukae miezi dukani umeshapoteza sharti ya kwanza.

Ni lipi basi lililothibiti? Mwaka 2010 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya iliyapitia madai ya watengenezaji. Ikakubali kuwa vijidudu hai vya mtindi humsaidia mtu ambaye tumbo lake halimeng'enyi vizuri laktosi. Ndiyo maana wapo ndugu zetu ambao maziwa freshi huwavuruga tumbo na mtindi hauwadhuru. Madai mengi mengine ya probiotiki yalikataliwa kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Mwezi wa Machi 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu kuandikwa kuwa kula mtindi mara kwa mara huenda kukapunguza hatari ya kisukari cha aina ya pili, kwa sharti ya kutaja kuwa ushahidi wake ni mchache. Tizameni tahadhari hiyo ya wataalamu, kisha mlinganishe na matangazo yanayozunguka katika simu zetu.

Mfano wa karibu zaidi uko Mwanza. Kuanzia mwaka 2004 chuo kikuu kimoja cha Kanada kilishirikiana na kina mama wa huko kuanzisha jiko la mtindi wenye kijidudu cha probiotiki, na watu wengi wakapata lishe na kina mama wakapata kipato. Kisha utafiti ukafanywa kwa watu 112 wanaoishi na virusi vya UKIMWI ambao walikuwa hawajaanza dawa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Wote walipewa mtindi ulioongezwa vitamini na madini kwa wiki nne. Nusu yao hivi mtindi wao ulizidishiwa kile kijidudu. Hawakudhurika nao. Lakini ilipopimwa kinga ya mwili, kijidudu hakikuonekana kuongeza chochote juu ya kundi la pili. Funzo lake ni kuwa mtindi ni chakula kizuri kwa mgonjwa, wala haumtoshelezi kuacha dawa.

Kilichomo na kisichokuwemo

Kikombe cha mtindi cha gramu 250 kina kalsiamu ya kiasi cha miligramu 300, na mtu mzima anahitaji miligramu 1,000 hivi kwa siku. Mna pia fosforasi, protini, vitamini B2 na B12, na zinki kidogo. Kwa mifupa, meno na misuli, hiyo ni neema. Mtindi usioongezwa kitu hauna vitamini D ya kutegemewa. Hiyo huipata zaidi mwili kwa jua linalogusa ngozi. Wala mtindi hauna vitamini C ya maana, ambayo tunaipata kwenye machungwa, mapera na ndimu.

Na madini ya chuma, ambayo ndiyo mwili unayotengenezea damu, yamo kidogo mno: chini ya miligramu 0.1 katika kila gramu 100. Mjamzito anahitaji miligramu 27 hivi kwa siku. Tumefanya hesabu: hata akinywa ndoo nzima ya lita 10 kwa siku moja, asingepata miligramu 10 za chuma. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito ameze kila siku chuma cha miligramu 30 hadi 60 pamoja na asidi ya foliki miligramu 0.4, kwa sababu hata chakula kizuri aghalabu hakifikii mahitaji ya mimba.

Liko jambo jengine ambalo wengi hawalijui. Kalsiamu ya maziwa hupunguza uwezo wa mwili kukifyonza chuma. Anayemeza kidonge cha damu kwa mtindi, au kwa chai ya maziwa, anakipotezea kidonge sehemu ya kazi yake. Kimezwe kwa maji au kwa maji ya machungwa, na mtindi unywewe saa mbili kabla au baada. Mwezi wa Ramadhani, kwa mjamzito anayeweza kufunga, kidonge kinaweza kuwa cha baada ya futari na mtindi ukawa wa daku.

Tatizo hili si la nyumba moja. Uchunguzi wa kitaifa wa Tanzania wa 2015-16 ulionesha kuwa asilimia 45 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu. Mjamzito akipungukiwa sana na damu, mtoto huweza kuzaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo, na mama mwenyewe akitokwa na damu wakati wa kujifungua hana akiba. Tunazungumzia uhai wa watu wawili, na kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makubwa ya sheria.

Somo la Pemba

Asije mtu akasoma haya akaenda kununua dawa za damu na kuwagawia watoto kama peremende. Kisiwani kwetu Pemba ulifanywa utafiti mkubwa ambao ulimwengu mzima umejifunza kwao. Watoto zaidi ya 24,000, wa umri wa mwezi 1 hadi 35, waliingizwa humo. Wengine wakapewa chuma na asidi ya foliki, wengine hawakupewa. Wakati huo malaria ilikuwa nyingi. Sehemu ya chuma ilisimamishwa mwaka 2003 kabla ya muda wake, kwa sababu waliopewa walilazwa hospitali au kufariki zaidi kuliko wasiopewa. Matokeo yakachapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2006. Hata hivyo, katika kundi dogo lililopimwa damu na kutibiwa malaria kwa karibu, watoto waliokuwa na upungufu wa kweli wa chuma walinufaika.

Chuma kile kile kimemfaa aliyekihitaji na kimemdhuru asiyekihitaji. Baada ya hapo Shirika la Afya Duniani likasisitiza kuwa penye malaria, watoto wapewe chuma pamoja na kinga na tiba ya malaria. Pemba hiyo hiyo, tafiti za miaka ya 1990 kwa watoto wa skuli zilionesha namna minyoo ya safura inavyonyonya damu. Mtoto wa namna hiyo anahitaji dawa ya minyoo na viatu miguuni kabla ya jambo jengine. Nani ajuaye kama damu imepungua kwa chuma, kwa minyoo au kwa malaria? Ni mwenye vipimo, na Qur'ani imetuamrisha tuwaulize wenye ujuzi pale ambapo sisi hatujui.

Kuifahamu hadithi ya maziwa

Tunarudi kwenye hadithi tuliyoanzia. Ni sifa ya maziwa kwa kuwa yanaondoa njaa na kiu kwa pamoja, na ni mafunzo ya kumuomba Allah atubarikie na atuzidishie tunapoyanywa. Haikusema kuwa maziwa yanaondoa kila maradhi, wala haikumkataza mgonjwa dawa. Aliyeisema ndiye aliyetuamrisha tujitibu, kama alivyopokea Usama bin Sharik (R.A.) katika hadithi ya Abu Daud na Tirmidhi, akatujulisha kuwa Allah hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Anayemeza kidonge cha kliniki kwa nia hiyo yumo ndani ya Sunna, na mtindi wake jioni nao ni Sunna. Hapana mgongano.

Jelatini na vidonge

Baadhi ya mtindi wa viwandani hutiwa jelatini ili uwe mzito, na vidonge vingine vimo ndani ya maganda ya jelatini. Ikiwa jelatini imetokana na mnyama halali aliyechinjwa kisharia, au na samaki, haina neno. Ikiwa ni ya nguruwe au ya mzoga, wanazuoni wamekhitalifiana. Wapo miongoni mwa Mahanafi na Mamaliki, na ndiyo kauli ya Ibn Taymiyya, wanaoona kuwa najisi ikigeuka kabisa dhati yake imetahirika. Madhehebu yetu ya Shafii yameyafinya mageuzi hayo katika mambo machache, kama pombe iliyogeuka siki yenyewe na ngozi ya mzoga iliyodabighiwa. Tunaloliona ni kuwa katika mtindi hakuna dharura: usomwe utandu wa kopo, na ukitiliwa shaka uachwe, kwani mtindi wa nyumbani upo. Ama dawa, vidonge vingi vya chuma vinavyotolewa kliniki ni vya kukandamizwa, havina ganda la jelatini. Na kama mgonjwa hakupata ila chenye ganda hilo na daktari mwaminifu akasema anakihitaji, basi anakitumia, wala asijitie hatarini kwa shaka.

Neno kwa wauzaji

Wako wanaouza unga na chupa za "mtindi wa tiba" kwa bei kubwa, wakidai zinatibu kisukari, shinikizo la damu, utasa na upungufu wa damu. Wengine hubandika juu yake jina la Sunna. Tunawakumbusha hadithi ya Abu Daud, Nasai na Ibn Majah, ambayo maana yake ni kuwa anayejitia utabibu na hajulikani kwa utabibu, basi yeye ni mdhamini. Yaani akidhuru, fidia iko juu yake. Kuuza mtindi ni biashara ya halali yenye baraka. Kumwambia mgonjwa aache dawa yake ili anunue mtindi wako ni dhulma.

Nasaha zetu

Maziwa yachemshwe kwanza kabla ya kugandishwa, kwani maziwa mabichi huweza kubeba maradhi ya ng'ombe kama brusela na kifua kikuu, na uchachu peke yake si wa kutegemewa kuyaua. Yakishapoa yakawa vuguvugu, yatiwe kijiko cha mtindi mzuri wa jana katika chombo safi chenye kifuniko. Sukari ikipunguzwa ni bora. Mtoto aliye chini ya miezi sita apewe maziwa ya mama yake tu.

Mjamzito ahudhurie kliniki, apime damu na ameze vidonge vyake. Vikimtia kichefuchefu au vikimfunga choo, asiviache kimyakimya, arudi kwa muuguzi, naye atamwelekeza namna ya kuvimeza au atambadilishia. Choo kuwa cheusi ni jambo la kawaida kwa anayemeza chuma. Pamoja na vidonge ale dagaa, samaki, nyama, kunde na mboga za majani, akamulie ndimu, na chai aisogeze mbali na chakula. Waume nao wajue kuwa matunzo ya mke mjamzito ni pamoja na nauli ya kliniki na samaki wa kitoweo.

Na sisi masheikh tukumbuke kuwa neno letu siku hizi haliishii msikitini. Tukilisema nusu, huenda nusu hiyo ikamfikia mtu ambaye ile iliyobaki ndiyo ingemwokoa. Yule mama amerudi kliniki na amebadilishiwa utaratibu wa vidonge vyake. Tunamuomba Allah ampe wepesi yeye na kina mama wote wajawazito, na atusamehe tulipopungukiwa.

Na Allah ni Mjuzi zaidi.